Mkia wa Kesi ya Magodoro

Siku ya mwisho ya kesi, Mama alikuja mahakamani na chupa ya chai na vikombe viwili. Alikaa katikati ya benchi refu la korido, mwanawe wa kiume kulia, wa kike kushoto. Akamimina kikombe cha kwanza, akaonja sukari kwa ncha ya ulimi, akakipeleka kulia. Akamimina cha pili, akakipeleka kushoto. Mpita njia angeweza kudhani ni familia iliyokuja kuandikisha ndoa. Asingejua kwamba wale wawili hawakuwa wamesemeshana tangu kabla kesi haijaanza, na kwamba kila mmoja alikuwa na wakili wake ndani, anapekua makaratasi ya kummaliza mwenzake.

"Mama, mwambie mwanao aache kutikisa mguu," alisema Bi Sindano, yule wa kushoto. "Benchi zima linacheza."

"Acha kutikisa mguu, mwanangu," alisema Mama.

"Mwambie kama benchi halimfai, asimame," alisema kaka.

"Anasema pole, benchi ni bovu."

"Nimemsikia, Mama. Mimi si kiziwi."

"Kama umemsikia, mimi mnanisumbulia nini?"

Ndivyo walivyolelewa. Nyumba yao ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga: waliogombana hawasemeshani, na Mama ndiye mjumbe. Baba yao, Mungu amrehemu, aliipenda sheria hiyo kwa sababu ilimpa utulivu wakati wa chakula. Na kweli ilifaa. Tusi lililoingia sikioni mwa Mama lilitoka mdomoni mwake limekuwa ombi. Laana iligeuka salamu. Ugomvi wa watoto haukufika asubuhi. Kitu gani kingine Mama alikuwa akikipunguza njiani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwenye kiwanda cha magodoro cha Baba ndiko binti alikopatia jina la Bi Sindano, kwa kuwa aliongoza chumba cha kushona foronya za magodoro, ingawa wafanyakazi walisema ni kwa sababu ya ulimi. Baba alipofariki, kiwanda kiligawanywa: kaka akapata hisa nyingi na cheo, yeye akapata theluthi na sindano zake, Mama akapewa kipande cha heshima. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Mwaka wa pili kaka akaanza kuitisha vikao bila kumwita. Kisha akatoa hisa mpya, akajiuzia mwenyewe, na zile za dada yake zikasinyaa kama kitambaa cha bei poa kilichofuliwa kwa maji ya moto. Bi Sindano alipopata habari, alipata pia kufuli jipya kwenye mlango wa ofisi. Akaenda mahakamani.

Kesi ya ndugu ni kichekesho kwa asiyehusika. Kwa miezi mingi ya mwanzo, wakili wa kaka alilipwa na kampuni, yaani na Bi Sindano mwenyewe kwa sehemu yake. Alikuwa ananunua fimbo ya kuchapiwa. Jaji alipolikataza jambo hilo, hasara ilikuwa imeshafanyika. Ili amlipe wakili wake mwenyewe, Bi Sindano aliiweka nyumba yake rehani benki. Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili, yenye jiko alilolipanga vigae kwa mikono yake, na ndicho kitu pekee duniani ambacho hakukirithi wala hakukigawana na mtu.

Na alishinda. Jaji alisema kwa maneno yanayoeleweka kwamba kaka alimdhulumu, na akaamuru azinunue hisa zake kwa bei itakayopangwa na mthamini wa nje. Ila alipe kidogo kidogo, kwa awamu, kiwanda kisije kikafa na watu wakakosa kazi. Awamu ni neno zuri kwa mtu ambaye hadaiwi na benki. Benki ilikuwa imekwisha kumwandikia mara mbili kwamba haitasubiri. Kitu kimoja tu kingeweza kuiokoa nyumba: kaka aamriwe kumrudishia gharama zote za kesi, na azilipe kwa mkupuo.

Basi ng'ombe mzima alikuwa ameliwa, ukabaki mkia. Lakini mawakili wakiukalia mkia, utadhani ndio kwanza wanachinja.

Ndani ya chumba cha mahakama feni ilizunguka bila kumpepea mtu. Jaji, mzee mwenye uso wa mtu aliyekosa usingizi, alivua miwani na kuifuta kwa pindo la joho.

"Kesi hii imenichosha mpaka naota magodoro," alisema. "Hukumu nimekwisha kutoa. Leo nataka jambo moja tu: nani alipe gharama. Nawaomba tusirudi kwenye marehemu alisema nini."

Wakili wa Bi Sindano, bwana mnene mwenye maneno laini, alisimama na kufunga kifungo cha koti. Alisema aliyeshindwa ndiye hulipa, huyu ameshindwa, basi alipe, tena kutoka mfukoni mwake, si kwenye kasha la kampuni. Angekaa hapo, ingekuwa hotuba yake bora kuliko zote. Lakini akaendelea, akaingia kwenye bei ya kutoa nakala. Wakili wa kaka, mwanamke mwembamba aliyesema polepole kana kwamba analipwa kwa neno, akainuka kupinga. Nakala zihesabiwe kwa karatasi au kwa kurasa? Maana karatasi moja ina kurasa mbili. Lakini si kila karatasi imeandikwa pande zote. Bi Sindano alitazama saa ya ukutani. Kila dakika ya ubishi ule ilikuwa na bei, na mmoja wa waliokuwa wakiilipia alikuwa yeye.

"Karatasi!" alisema Jaji. "Nimeamua. Karatasi. Tuendelee."

Wakili mwembamba hakuketi. "Mheshimiwa, lipo jambo ambalo halijawahi kusemwa mbele yako. Kabla kesi hii haijafunguliwa, mteja wangu alikuwa tayari kuzinunua hisa za dada yake kwa bei ya mthamini wa nje. Ndicho hicho hicho ambacho mahakama imekuja kukiamuru. Dada hakujibu, akakimbilia hapa. Kama ndivyo, Mheshimiwa, gharama hizi amezitafuta mwenyewe. Azibebe, zake na zetu."

Bi Sindano alikuwa amesimama kabla hajajua kama amesimama. "Uongo mtupu! Hajawahi hata siku moja!"

"Kaa chini, bibie," alisema Jaji. Kisha akamgeukia wakili. "Barua iko wapi?"

"Haikuandikwa barua, Mheshimiwa. Ilikuwa kwa mdomo."

"Alimwambia ana kwa ana?"

"Hapana, Mheshimiwa. Walikuwa wameshaacha kusemeshana."

"Sasa kwa mdomo wa nani?"

Wakili aliinama kwa mteja wake. Kaka akatikisa kichwa. Wakili akanong'ona tena, safari hii kwa ukali. Kaka akatikisa tena.

"Wakili," alisema Jaji, "ujumbe si mafua, kwamba mtu anaupata asijue umetoka kwa nani. Nani aliupeleka?"

Bi Sindano alimtazama kaka yake, kumtazama hasa, kwa mara ya kwanza siku ile. Alimjua akidanganya. Kaka alidanganya kidevu kikiwa juu na macho makavu. Hivyo ndivyo alivyoapa kwamba zile hisa mpya zilikuwa kwa faida ya wote. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa anachungulia viatu vyake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Hasira ya Bi Sindano ilikwama mahali. Akageuza shingo kutazama benchi la nyuma. Mama alikuwa anakaza kifuniko cha chupa ya chai ambacho kilikuwa kimekwisha kukazwa.

Jaji alitoa mapumziko mafupi, wakili azungumze na mteja wake.

Bi Sindano alimkuta Mama kwenye korido, karibu na mabomba ya kunawia, anasuuza vikombe.

"Mama."

"Chai yako hukumaliza. Nimeimwaga."

"Mama, alikutuma?"

"Nani?"

"Mama!"

"Usinipandishie sauti. Mimi si shoga yako." Mama alikung'uta kikombe, akakichungulia ndani. "Alinituma. Alikuja Jumamosi, akala, akasema, mwambie Sindano niko tayari kununua, atafutwe mtu wa nje apange bei. Nikamwambia sawa."

"Halafu?"

"Halafu ukaja wewe Jumapili. Ukala, ukalia, ukasema huyu mwanao ameniua nikiwa hai. Nikakupa maji."

"Na ujumbe?"

"Ujumbe nikauweka."

"Ukauweka wapi?"

"Nikauweka tu."

Bi Sindano alishika ukingo wa sinki. Karani alipita na mafaili kifuani, akawasalimu. Mama akamwitikia kwa uchangamfu, akamuuliza habari za kazi.

"Naye alipouliza jibu?"

"Nilimwambia bado unafikiria. Si uongo. Wewe unafikiria sana."

"Kwa nini, Mama? Nieleze tu nielewe. Kwa nini?"

Mama alivipanga vikombe kimoja ndani ya kingine. "Ningekuambia, ungeuza. Ungechukua chako ukaondoka, naye angebaki na kiwanda chake, kila mtu na hamsini zake. Mimi ningebaki na nini? Mlipokuwa mnapatana, wajukuu nilikuwa nawaona kwenye simu. Mlipogombana, huyu Jumamosi, huyu Jumapili, kila wiki. Mkipatana mnanipigia. Mkigombana mnakuja."

Alilisema bila haya na bila machozi, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Hilo ndilo lililomtia wazimu Bi Sindano. Angelia, angepata pa kuanzia.

"Nimeweka nyumba rehani, Mama. Nyumba yangu. Unajua kesi ni bei gani?"

"Sikujua," alisema Mama, na hapo tu sauti yake ikapungua. "Nilidhani mnakwenda kuongea mbele ya mtu mzima, basi. Kuongea nako kunauzwa?"

Maneno yalimjaa kinywani, makali yote, na akakosa pa kuyapeleka. Maisha yake yote alikuwa na mtu wa kumpelekea ukali wake kwa wengine, akiulainisha njiani. Sasa alikuwa na ugomvi usio na mjumbe. Akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu, akalifunga.

Walipoitwa tena ndani, wakili mwembamba alisimama na uso wa mtu aliyenyweshwa dawa chungu.

"Mheshimiwa, mteja wangu ameniagiza niiondoe hoja ile. Hatuna ushahidi. Tunaiachia mahakama."

"Hoja imeondolewa," alisema Jaji, akiandika.

Wakili wa Bi Sindano alimwinamia sikioni. "Tumeshinda. Wewe nyamaza tu." Kati ya ushauri wote aliouza kwa miaka ile, huo ulikuwa wa kwanza usiohitaji nakala.

Jaji akamwangalia Mama. Kila kikao alimuuliza, kwa kuwa naye alikuwa mwanahisa na jina lake lilikuwa kwenye kesi, ingawa hakuna aliyemdai kitu. "Mama, wewe una la kusema?"

Mama alisimama, kama alivyosimama kila kikao. "Sina, baba. Wote ni wanangu." Akaketi.

Kalamu ya Jaji ilishuka kwenye karatasi. Bi Sindano aliitazama. Alichotakiwa kufanya ni kukaa pale pale, mdomo umefungwa, na nyumba ingerudi kuwa yake, vigae na kila kitu. Kaka angeuza gari, pengine na ile mashine kubwa ya kukatia sponji, na nani angemwonea huruma? Si mwizi? Si ndiye aliyebadilisha kufuli? Ila mwizi huyo huyo alikuwa tayari kubeba mzigo uliokuwa wa Mama, kuliko kulitaja jina la Mama mbele ya watu. Angekuwa mbaya moja kwa moja, kazi ingekuwa rahisi. Lakini hata ubaya wa kutosha familia hii haikuweza kumpa! Alikwisha kudaiwa na benki, akadaiwa na wakili. Kudaiwa na kimya cha kaka yake, mpaka kufa, akila na kulala ndani ya nyumba iliyookolewa nacho, hilo hapana.

"Mheshimiwa," alisema, tayari amesimama. "Kila mtu abebe zake."

Wakili wake alimvuta mkono wa gauni. Akauchomoa.

"Unajua unachokiacha?" aliuliza Jaji.

"Najua kuliko wote waliomo humu."

"Una sababu?"

"Nimechoka."

"Uchovu si sababu ya kisheria, bibie."

"Basi Mheshimiwa aandike anayoipenda."

Watu walicheka pembeni. Jaji hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, dada, kaka, na yule mama wa benchi la nyuma, na macho yake yakakawia kwa huyo wa mwisho kuliko ilivyokuwa lazima. Kisha akaandika, na alipoandika akasoma: kila upande utabeba gharama zake wenyewe, kwa ajili ya amani ya familia. Bi Sindano nusura aangue kicheko. Amani ya familia, nayo ilikuwa na bei, na yeye alikuwa ameilipia taslimu.

Wakili wake alikusanya makaratasi bila kumtazama. Alimwambia ankara ya mwisho itamfikia kabla ya mwisho wa mwezi, akaondoka bila kumpa mkono. Mama alitangulia nje, chupa kwapani, akishuka ngazi polepole huku ameshika ukuta. Bi Sindano alibaki juu ya ngazi, karibu na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Alisikia viatu vya kaka vikija nyuma yake, vikasimama.

"Amekwambia," alisema kaka.

Sauti yake ilikuwa imezeeka. Au labda ilikuwa hivyo siku zote, ila Bi Sindano alizoea kuisikia ikiwa imepita kwa Mama.

"Ameniambia."

"Mimi miaka yote hii nilijua ulikataa kwa dharau. Hata kunijibu hukutaka."

"Na mimi nilijua hukuwahi hata kulifikiria."

Chini kulikuwa na dereva anapiga honi apishwe njia, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Kaka alisogea dirishani.

"Angekwambia," alisema, "ungekubali?"

Bi Sindano alifungua mdomo aseme ndiyo. Neno lilikuwa tayari, fupi, lingemaliza kila kitu na kumwacha yeye upande wa haki kama alivyozoea. Lakini alijikumbuka Jumapili ile, sahani ikipoa mbele yake, anasimulia kwa kwikwi. Hakuwa na hamu ya bei siku ile. Alichotaka ni mtu mwenye joho, aliyekaa mahali pa juu, amwambie kaka yake mbele ya watu kwamba amekosa. Mthamini gani angempa hicho? Angemrudisha Mama na ujumbe wake siku ileile, na maneno ambayo hata Mama asingeweza kuyalainisha. Akafunga mdomo.

"Na wewe," alisema, "wewe unajua kuandika. Uliniandikia barua ya onyo kwa taa ya chooni kuachwa inawaka. Ukanigongea na mhuri. Hili la hisa ulishindwaje kuliandika?"

Kaka alikikwangua kioo cha dirisha kwa ukucha mahali ambapo hapakuwa na doa.

"Barua ingefika," alisema, "na neno langu lingenifunga."

Bi Sindano alingoja hasira ije, na haikuja. Kilichokuja ni kesho: foleni ya benki, kijana wa dirishani atakayemwita mama na kumwambia haiwezekani, na yeye akiomba muda ambao anajua hatapewa. Alimtazama kaka yake, mwizi wake, mvi zimemwingia juu ya masikio, na kwa mara ya kwanza hakujua aanze kumshtaki kwa lipi. Ndipo Mama alipowaita kutoka chini ya ngazi, wote wawili kwa pumzi moja, kwa ile sauti ya kuwaita watoto waje kula. Na hasira yote ikampanda upya, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha kuanza kushuka.